Samaki wa Kutazama

Jumamosi soko la Mwanjelwa halina adabu. Watu husukumana utadhani vitu vinagawiwa bure, na Sekela, aliyesimama nyuma ya meza ya vyombo vya mama yake mdogo tangu saa moja asubuhi, uvumilivu ulikuwa umeanza kumwishia. Alivaa sweta la kijani juu ya gauni la kitenge, maana Juni ya Mbeya haina utani na mtu, na kilemba alichofunga kilimfanya aonekane mrefu kuliko alivyo. Ndipo kijana mmoja mwembamba, mikono imejaa makovu madogo madogo, akainama mezani na kuanza kukagua vichujio vya chai, kimoja kimoja, kwa kuvielekeza juani.

"Kaka, hivyo vyote vinachuja chai," Sekela alimwambia. "Hakuna kilichosomea."

"Sichuji chai, dada."

"Unachuja nini?"

"Watoto."

Sekela akamtazama vizuri sasa. Kijana akaona aibu, akacheka.

"Watoto wa samaki. Wamezaliwa juzi, nataka kuwahamisha kabla wakubwa hawajawala. Matundu yakiwa makubwa wanapenya, waya ukiwa na ncha unawachoma."

"Kumbe unafuga samaki. Sato?"

"Hapana, za kutazama tu. Za rangi."

"Msukuma anafuga samaki za kutazama," Sekela alisema, akimfungia kichujio kwenye gazeti. "Dunia imeisha."

"Umejuaje ni Msukuma?"

"Umeniita dada kama mtu anayeita ng'ombe."

Kijana alicheka mpaka mama mmoja aliyekuwa akichagua sufuria akageuka. Aliitwa Nkuba. Kwao Rujewa, ambako baba yake alihamia na mifugo kutoka Shinyanga zamani hizo. Yeye mwenyewe alikuwa fundi wa madirisha ya vioo na alumini pale Mbalizi, na ndiyo sababu ya yale makovu. Aliondoka na kichujio kimoja na namba ya simu ya Sekela, na kama mnataka ukweli, namba Sekela aliitoa bila kuombwa mara mbili.

Jioni yake ikaingia video. Samaki wadogo kama mbegu za ufuta, macho matupu, wanatetemeka majini. Chini ameandika: "Wanasema asante kwa kichujio."

Sekela akapiga. "Waambie ndaga, ndiyo asante ya kwetu. Na wewe umekula?"

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kila jioni simu, kila simu samaki, na katikati ya samaki maneno mengine yakapenya. Nkuba alikuwa mtu wa kuongea taratibu, kama anayepima kioo kabla ya kukikata. Sekela, ambaye kwao Tukuyu watu hujibu kabla swali halijaisha, alijikuta anasubiri. Akaanza kupenda kusubiri.

Mara ya kwanza alipofika chumbani kwa Nkuba, Mbalizi, alisimama mlangoni asijue akanyage wapi. Kitanda kilikuwa kimebanwa kwenye kona. Ukuta mzima uliobaki ulikuwa matangi ya vioo aliyoyaunganisha mwenyewe kwa mabaki ya karakana, na ndani yake samaki wa bluu, wa manjano, wa mistari, wazao wa samaki wa Ziwa Nyasa aliowanunua Matema kwa mfugaji mwenye kibali. Chumba kilikuwa na joto la hita na harufu ya mto.

"Huyu hapa mama," Nkuba alimwonyesha samaki mmoja aliyejificha nyuma ya jiwe, taya limevimba. "Amebeba mayai mdomoni. Hali chakula wiki tatu mpaka yaanguliwe."

"Wiki tatu hali?"

"Hali."

"Mimi siwezi. Siku moja tu bila kula naropoka."

"Najua, Seke. Nimeshakuona."

Jioni ile walikaa kitandani wamegusana mabega, wakitazama maji kama wengine wanavyotazama televisheni, na Nkuba akamfungulia moyo wake. Hakutaka kufa fundi madirisha. Alitaka kuishi kwa samaki: kujenga matangi, kuzalisha, kuyatunza kwenye maofisi na mahoteli. Na sasa mlango ulikuwa umefunguka. Dokta Tekla, daktari wa meno kutoka Iringa, alikuja karakana kuagiza madirisha ya kliniki yake mpya, akaona picha kwenye simu ya Nkuba, akasema watoto wanalia sana pale mapokezi, samaki watawatuliza. Alitaka tangi la mita mbili. Akiridhika, atamtambulisha kwa wenzake.

"Na mzee wako anasemaje?" Sekela aliuliza.

"Mzee amenipa mpaka mwisho wa mwaka huu. Anakuja Mbeya mwezi ujao kwa mambo ya mifugo, atafika kuona. Akiona inaeleweka, ananiachia. Akiona mchezo, narudi Rujewa kusimamia mashine ya kukoboa mpunga. Nimeshamkubalia."

"Umemkubalia kweli?"

"Ni baba, Seke. Na siyo samaki tu anaokuja kuwaona. Na wewe nataka akuone."

Hapo Sekela alikosa usingizi kwa juma zima. Mwanamke wa Kinyakyusa akienda kuonwa na mkwe haendi na uzuri wa sura. Anaenda na usafi. Bibi aliyemlea alikuwa akipiga sufuria mchanga mpaka unajiona meno. Mama yake mdogo, Atuganile, naye akatia chumvi: "Wasukuma wale wanatazama kila kitu. Wakikuta uchafu kwa mtoto wao watasema ni wewe, hata kama hukai pale."

Siku zikafika. Alhamisi, Nkuba alisafiri kwenda Iringa kufunga lile tangi la kliniki. Kabla ya kuondoka aliwahamishia samaki wake wote kwenye tangi moja kubwa, ili Jumatatu apate urahisi wa kuwakamata na kuwapeleka kliniki, pamoja na kichujio cha maji yao kilichokwisha komaa. Alimwachia Sekela chumba.

"Asubuhi unawatupia kidogo tu, kama unavyoonja chumvi. Basi. Jumamosi nitakuwa nimerudi, na mzee anafika saa sita."

Alhamisi hiyo hiyo Sekela alifagia, akapiga deki, akafua mashuka na mapazia. Akafuta vioo vya matangi kwa nje. Alipofungua sanduku la kichujio cha maji lililo kando ya tangi kubwa, moyo ukamkataa. Sponji nne, zimejaa ute wa kahawia, zinanuka. Kitu kama hicho kwenye nyumba ambayo mkwe anakuja. Akazichukua bombani, akazitia sabuni ya unga, akazifikicha mpaka zikarudia rangi yake, akazikamua, akazianika juani. Jioni akazirudisha mahali pake akiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi.

Ijumaa asubuhi maji yalikuwa na ukungu. Jioni yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele, na samaki wote wako juu, midomo nje, wanatweta. Simu ikaita.

"Mpenzi, hawajambo?"

Sekela aliwatazama. Alijua kuna kitu. Hakujua ni kitu gani, ila alijua kina uhusiano na mikono yake.

"Wazima," akasema.

"Na wewe?"

"Mzima. Rudi salama."

Jumamosi, Nkuba alipofungua mlango na begi bado begani, samaki sitini na kitu walikuwa wamelala juu ya maji kwa ubavu. Alizima pampu, akaanza kuwatoa mmoja mmoja kwa kile kichujio cha chai, akawapanga kwenye beseni kwa rangi zao, sijui kwa nini. Kisha akafungua sanduku, akatoa zile sponji, zilizokwisha kupata tena ute wa mizoga, akazikamua kwenye ndoo akiwa amempa Sekela mgongo. Akainama kuitazama ndoo.

"Ndani ya hizi kuna vijidudu," akasema. "Huvioni kwa macho. Ndivyo vinavyokula sumu ya kinyesi cha samaki. Nimevikuza miaka minne."

Sekela akamsogelea. Akafungua mdomo. Na wakati huo huo mlango ukagongwa, akaingia Mzee Nashoni, mrefu, koti zito na kofia mkononi, fimbo kwapani.

Sekela akapiga magoti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe?" Mzee alimtazama, akatazama sakafu iliyong'aa, mapazia, mashuka, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaona beseni. "Na hawa?"

Nkuba akasimama mbele ya tangi. "Nimewasonga, baba. Niliwaweka wengi mno pamoja, nikasafiri. Kosa langu."

"Ng'ombe akifa tunakula nyama," mzee alisema, bila ukali. "Hawa tunafanyaje?"

Sekela alisonga ugali, akawatengea na mboga, akawanawisha mikono. Angesema pale. Mimi ninayesimulia ningependa kuwaambia kwamba alisema. Hakusema. Aliogopa kumpoteza mwanamume mbele ya baba yake siku ya kwanza, akajiambia atasema kesho. Kesho yake Nkuba alimpigia Dokta Tekla kumwomba radhi kwamba samaki hakuna, na Jumatano, kwa kuwa mzee alishaamua arudi kwenye mashine, mtu huyo wa kutimiza ahadi akapanda gari kwenda Rujewa.

Mwanzo walipigiana simu.

"Mashine inaendaje?"

"Inakoboa. Hapo sokoni?"

"Kawaida."

"Haya."

Mazungumzo ya watu waliokuwa wakicheka mpaka vocha inaisha. Sekela akaanza kuacha simu iite. Nkuba, huko aliko, akaelewa anavyoelewa mwanamume: nimeshindwa, msichana wa mjini amenichoka. Akaandika ujumbe mmoja. "Sikulaumu, Seke. Mtu hawezi kumsubiri mkoboa mpunga." Kisha akanyamaza.

Sekela alisoma ujumbe ule nyuma ya rundo la mabeseni, akalia bila kujificha. Mama mdogo akamwekea kiti.

"Amekuacha?"

"Mimi ndiye niliyewaua wale samaki, mama. Niliosha sponji kwa sabuni. Na yeye ameacha kazi yake, anaamini hajui kitu."

Mama mdogo akaketi naye. Akafunga na kufungua fundo la kanga yake.

"Sasa unanililia mimi ili iweje?" akasema. "Mimi nina mashine ya mpunga?"

Asubuhi yake Sekela alivaa gauni la bluu la kanisani, akapanda basi la njia ya Iringa, akashuka barabara kuu na kumalizia na bodaboda mpaka Rujewa. Usangu ni tambarare, jua lake si la Mbeya. Sweta alilivua kabla hajafika. Mashine ilikuwa inanguruma, pumba zimetanda hewani, na Nkuba akatoka humo mweupe nywele mpaka kope kama mzee. Alipomwona alisimama. Mzee Nashoni alikuwa ameketi kivulini mwa ghala na kijitabu cha magunia.

Sekela hakwenda kwa Nkuba. Alikwenda kwa mzee, akapiga magoti kwenye pumba.

"Mwadila, baba."

Mzee akashangaa kusalimiwa Kisukuma. "Mwadila, mwanangu. Kuna msiba?"

"Nimekuja kusema. Zile samaki hakuziua Nkuba. Niliziua mimi. Nilitaka ukute pasafi, nikaosha sponji za tangi kwa sabuni, nikaua vile vijidudu anavyovisema. Ijumaa niliona samaki wanatweta, akanipigia, nikamwambia wazima. Nimedanganya mara moja, na baada ya hapo nimenyamaza wiki tano. Mtoto wako anaijua kazi yake."

Mashine ilikuwa imezimwa, sijui na nani. Mzee akamgeukia mwanawe.

"Umesikia?"

"Nilijua, baba," Nkuba akasema.

Sekela akainua uso.

"Nilipozikamua siku ile zikatoa povu," Nkuba alisema, akiitazama ardhi. "Nikaelewa. Halafu wewe ukagonga, baba, na yeye akapiga magoti, na wewe ukampenda. Nikaona siwezi kuacha neno la kwanza utakalosikia juu yake liwe hilo."

Unaweza kudhani hapo Sekela alimkumbatia. Wasomaji wengi mngependa hivyo, nami siwalaumu. Yeye alisimama, akapangusa pumba magotini, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtu aliyeumizwa.

"Ulijua. Wiki tano ulijua."

"Nilikuwa nakulinda."

"Hukunilinda, Nkuba. Uliniacha humo ndani peke yangu. Nilikuwa nalala na wale samaki, naamka na wale samaki. Ungeniuliza tu."

"Nilikuwa nasubiri uniambie."

"Na mimi nilikuwa nasubiri nipate ujasiri. Tungesubiri mpaka tuzeeke." Machozi yalikuwa yanamtoka lakini hakuyafuta. "Sikiliza. Mimi nakupenda, nasema mbele ya baba. Ila siwezi kuolewa na mtu aliyetupa kazi anayoipenda kwa ajili yangu. Kila nikikuona na hizo pumba nitakumbuka. Rudi kwenye samaki wako kwanza. Ukinitaka baada ya hapo, unajua meza yetu sokoni."

Akamuaga mzee, akaondoka na bodaboda ile ile iliyomleta.

Mzee Nashoni aligeuzageuza kalamu. "Nilikuja kwako kuangalia kama kazi yako ina akili," alimwambia mwanawe. "Nikaangalia mizoga. Ulinionyesha uongo, nikaamua kwa uongo. Ile ahadi uliyonipa imekufa. Nenda."

Dokta Tekla hakuwa amepata mtu mwingine. Tangi lilikuwa pale pale mapokezi, tupu, na watoto walikuwa wanaendelea kulia. Nkuba akalijaza maji, akaweka hita, pampu na sponji mpya. Tangi jipya lenye sponji mpya haliingizwi samaki hovyo. Maji huachwa yazunguke wiki nyingi, mtu akipima kila siku, mpaka vile vijidudu vizaliwe vyenyewe. Akapanga chumba Iringa, akapata vibarua vya madirisha, na kila asubuhi akawa anapita kliniki kupima maji. Sekela alipata habari zake kwa ujumbe mfupi wa kila siku: "Leo bado." Alikuwa anajibu: "Haya." Siku ya arobaini na tatu ukaja tofauti. "Maji yako tayari. Nimewafuata samaki Matema. Kesho nawaingiza, tafadhali njoo."

Alikwenda. Iringa ilikuwa na upepo na jua kali pamoja, kama kawaida yake. Nkuba alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Samaki thelathini, kwenye mifuko ya plastiki, wanaelea juu ya maji wazoee joto. Watoto watatu waliokuja kung'olewa meno walisahau kulia. Mifuko ikafunguliwa, rangi zikatawanyika nyuma ya mawe, na Dokta Tekla, miwani kwenye paji la uso, akapiga makofi mawili. Kisha akasogea.

"Fundi, huyu wa manjano mbona amelala?"

Alikuwa amelala kweli, chini, ubavu mmoja. Sekela alimtazama Nkuba. Ingekuwa rahisi kusema uchovu wa safari, au hali ya hewa, nani angebisha?

"Huyo nimemkosea mimi, dokta," Nkuba akasema. "Nilikuwa na haraka, mfuko wake nimeufungua mapema kuliko wengine. Anaweza asipone. Akifa nitakuletea mwingine, na kosa hilo hutaliona tena."

Dokta akashusha miwani. "Afadhali umesema," akasema, akarudi kwa wagonjwa wake. Mlangoni akageuka. "Mwenye hoteli ya pale chini anataka kukuona Jumatatu. Usichelewe."

Wakatoka nje, wakaketi kwenye ngazi za kliniki. Mji ulikuwa chini yao na miamba yake. Nkuba alishika mkono wa Sekela, makovu yake kwenye kiganja chake.

"Mzee anauliza lini atume watu Tukuyu. Nikamwambia siyo mimi wa kupanga. Seke, utanikubali? Sina nyumba. Nina tangi moja la mtu mwingine, na hoteli ya Jumatatu."

Sekela alikuwa na neno, na safari hii hakutaka lilale.

"Kabla sijajibu, kuna kitu lazima nikuambie. Mimi samaki hawanivutii. Nimejaribu. Wananuka, wanazunguka tu. Ninachopenda ni wewe unavyokuwa ukiwatazama."

"Hilo nalo nilijua," Nkuba akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Ulikuwa unatazama tangi, halafu unatazama saa."

Sekela akacheka huku akimpiga bega. "Wewe mtu una tabia mbaya. Unajua kila kitu, unakaa nacho. Leo niambie, kuna kitu chochote hukijui?"

"Kimoja. Jibu lako."

"Ndiyo," Sekela akamwambia hapo hapo, asije akakaa nalo hata dakika moja.